Mboni, Mfunga Mvua wa Kisarawe

Ukifika Kisarawe ukaulizia kwa Mboni, na wewe utaulizwa: Mboni yupi, wa maandazi au mfunga mvua? Ujibu vyovyote, utaelekezwa nyumba ileile. Asubuhi anakaanga maandazi nyuma ya stendi. Zikija siku za harusi anaitwa huku na huku, azuie mvua isiwaharibie watu shughuli zao. Maandazi alijifunza mwenyewe. Ile kazi nyingine aliachiwa na marehemu mama yake, pamoja na mwiko mmoja mrefu wa mninga, mweusi kwa moshi, ambao haujawahi kusonga ugali tangu Mboni apate akili.

Ukiitazama kwa mbali, kazi yenyewe ni fupi. Mboni anachimba kishimo pembeni ya uwanja, anausimika mwiko kichwa chini mkia juu, anaufunga pilipili nyekundu kwa uzi mweusi, anasema maneno yake kimoyomoyo, basi. Watu wanaipenda sehemu hiyo. Watoto wanasogea, wanawake wanaziba midomo kwa pindo za kanga. Wasichokitazama ni kile anachokifanya kabla yake.

Kwanza hufika siku moja kabla ya shughuli. Anauzunguka uwanja polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyedondosha pete. Anatazama ardhi imelalia upande gani, anatazama miti, anatazama kuta. Halafu anakaa chini na kutoa masharti. Turubai lisisimamishwe chini ya mti. Mtaro uchimbwe kulizunguka, upana wa jembe. Vigingi viwekewe viroba vya mchanga juu. Mchele na sukari visikae sakafuni. Jenereta ipandishwe juu ya matofali. Akiulizwa kwa nini, ana jibu moja tu.

"Mwiko haukubali."

Na watu wanachimba. Mwambie mwanaume wa Maneromango achimbe mtaro kwa sababu maji yatakuja, atakwambia kesho, au atakwambia mgongo unauma. Mwambie mwiko haukubali, utaona jembe linatoka ndani lenyewe. Mvua ikija ikapita mtaroni, watu wakala ubwabwa wao wakavu, wanasema mmeona, imefungwa. Ikija kubwa ikalowesha wageni wa pembeni, wanasema loo, bila Mboni ingekuwaje leo! Mboni anafungasha mwiko wake, anapewa kanga na chakula cha kupeleka nyumbani, anarudi kwenye maandazi.

Mwenyewe hajawahi kusema anaamini wala haamini. Mama yake alikuwa akimaliza kuusimika mwiko anainamisha kichwa na kusema, "Ya Rabi, sisi tumechimba, yaliyobaki ni yako." Hayo ndiyo maneno ambayo Mboni huyasema kimoyomoyo. Hakuna mengine. Watu wanadhani ni marefu.

Sasa miaka hii Idi inaangukia mwanzoni mwa masika. Waliokuwa wanasubiri Ramadhani iishe wanaoana Mfungo Mosi, na Mfungo Mosi ndio mawingu yanaposhuka. Simu ya Mboni inaita mpaka inapata moto. Mojawapo ya simu hizo ilitoka ng'ambo kule Mlandizi, kwa bwana mmoja mkulima aitwaye Mwishehe, mwenye nyumba na majaruba ya mpunga bondeni karibu na mto Ruvu. Alikuwa anamwoza binti yake, Firdausi.

"Dada Mboni, ni Jumamosi hii," alisema Mwishehe kwa sauti ya mtu anayedhani simu inahitaji kupigiwa kelele. "Mama yangu kasema asije mwingine, uje wewe. Mama yako ndiye aliyefunga mvua ya harusi yangu."

"Nitakuja," Mboni alisema, akaendelea kugeuza maandazi.

Ijumaa asubuhi, bintiye Siwema alimkuta anafunga mzigo. Mwiko, pilipili, uzi. Halafu tochi, koti la mvua, simu ndani ya mfuko wa nailoni.

Siwema alicheka mpaka akashika mlango. "Mama! Mfunga mvua anabeba koti la mvua?"

"Nilowe kwa sababu gani?"

"Redio umeisikia lakini? Wametangaza mvua kubwa na upepo, mkoa wetu wote wa Pwani. Wanasema wanaokaa mabondeni wahame mapema."

"Nimesikia. Na hao walioko huko wana masikio pia," Mboni alisema. Aliamini kabisa alichokisema.

Alipobadilisha gari kwenye kituo cha Kwa Mathias, wenye maduka walikuwa wanainua mifuko ya saruji na kuipanga juu ya vichanja. Kijana mmoja alikuwa juu ya paa la kibanda chake anaongeza misumari kwenye mabati. Hakuna aliyepiga kelele, kila mtu alikuwa anashughulika na chake, na wingu la upande wa magharibi lilikuwa limetulia tu kama ng'ombe aliyelala. Mboni aliliangalia, akaona moyo wake uko sawa. Watu wanajua, alijiambia.

Mlandizi alipokelewa na bodaboda aliyetumwa na Mwishehe, Telesphory, mtu mzima mwenye kofia ngumu mbili, moja yake na moja ya abiria, jambo ambalo Mboni alilipenda papo hapo. Walipofika kwenye daraja la magogo Telesphory alipunguza mwendo. Kijito kilikuwa kimejaa, kinagusa magogo kwa chini, na povu la kahawia limejikusanya pembeni.

"Kesho mimi hapa sipiti," Telesphory alisema. "Hata anipandishe nani."

"Na hao wenye harusi wanasemaje?"

Telesphory aligeuza kichwa kidogo. "Mama, wewe si ndiye mwenyewe? Juzi walitaka kuhamisha shughuli, wakasema aa, tumeshamwita mama wa Kisarawe. Kuna majirani walikuwa wameshapeleka mbuzi juu kwa ndugu zao. Wamewarudisha."

"Wamewarudisha?"

"Jana. Wanasema wewe hujawahi kushindwa."

Mboni aligeuza shingo akakitazama kile kijito mpaka walipokata kona.

Aliyempokea alikuwa mke wa Mwishehe, Hajra, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachomtangulia. "Karibu mwenye mvua yake! Jamani mgeni huyo, mpokeeni mzigo!" Vigelegele vikapigwa. Mboni akasalimia, akanywa maji, akaweka mikono nyuma, akaanza kuuzunguka uwanja. Hakufika mbali.

Turubai lilikuwa limepigwa pale chini kabisa, kwenye tambarare inayopakana na majaruba, chini ya mkwaju mkubwa. Magunia ya mchele yalikuwa yamelazwa kwenye udongo. Jenereta ilikuwa ndani ya kibonde, kwa sababu pale kelele zinapungua. Na mtaro haukuwepo, hata wa kidole.

"Hajra, mtaro uko wapi?"

"Mtaro wa nini, dada? Si umekuja?"

"Na turubai hili mbona jepesi hivi?"

"Lile zito tumelirudisha. Hili lina maua, linapendeza kwenye picha." Hajra akamgonga begani. "Tusingethubutu, ila tukasema, kama ni Mboni, kwani tuna wasiwasi gani?"

Mboni alikaa kwenye jiwe. Hapo ndipo alipoliona jambo ambalo katika miaka yake yote hakuwahi kuliona. Watu wa Kisarawe na Maneromango walikuwa wanamwamini nusu. Kwa ile nusu nyingine, walichimba. Hawa wa huku walikuwa wamemwamini mzima mzima.

Aliteremka mpaka ukingoni mwa majaruba. Mto ulikuwa unapita kimya, mpana kuliko jana yake, mtu angeona kwa alama za tope kwenye matete. Ulikuwa umebeba mgomba mzima na majani yake. Kati ya mto na turubai zilikuwepo nyumba nne za majirani, na nyumba ya tano, ya udongo, iliyokuwa ya mama yake Mwishehe, Bi Anifa, ambaye miguu yake ilikuwa haimtii tena. Ndani ya nyumba hiyohiyo ndiko alikokuwa Firdausi, mwali, amefungiwa akisubiri ndoa, hatoki nje wala haonwi na jua.

Mboni akapanda kilimani kwenye shule ya msingi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Eugenia, alikuwa ameshawaruhusu watoto waende nyumbani mapema, anafunga madirisha mwenyewe.

"Mimi nimewaambia tangu juzi," mwalimu alisema. "Wakanijibu, mwalimu, wewe si wa huku, mambo yetu huyajui. Sasa wewe ni wa huku?"

"Mimi ndiye hayo mambo yenyewe," Mboni alisema.

Mwalimu Eugenia akamtazama, akacheka bila kupenda, akampa funguo za madarasa matatu. "Moto uwashwe nje, kwenye jiko la uji. Na ubao wa darasa la sita usifutwe, kuna hesabu zangu pale."

Alipoteremka, wanaume wote walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa. Wanawake walikuwa wanamenya vitunguu. Mboni aliuchukua mwiko, akauchomeka ardhini mbele yao, akauegemea kidogo, mwiko ukaanguka kwenye tope. Akauchomeka tena, ukaanguka tena. Hakufanya hila yoyote, udongo wenyewe ulikuwa umeshalainika, lakini kelele zilikoma.

"Mwiko haukubali bondeni," alisema.

"Haa! Unakubali wapi?" Hajra aliuliza.

"Juu. Shuleni."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, na hizi sufuria je? Mwingine akasema, sufuria si zina masikio, zitasikia. Hajra akaliangalia turubai lake la maua, akashusha pumzi, halafu akainama na kujitwisha sufuria kubwa kuliko zote. "Twendeni. Mume wangu akirudi atanikuta nimeshapanda, hawezi kunishusha."

Kwa hiyo Mwishehe na wenzake, kanzu nyeupe, kofia zilizodariziwa, walirudi kutoka msikitini wakaiona harusi yao inatembea kilimani. Sufuria zilikuwa juu ya vichwa, mafiga mikononi, kuku wananing'inia kichwa chini, na Telesphory nyuma kabisa na magunia mawili ya mchele kwenye pikipiki.

"Nani kaihamisha harusi yangu?" Mwishehe alipiga kelele.

"Mwiko!" Hajra alijibu kutoka chini ya sufuria, bila kugeuka.

Watu walicheka, na Mwishehe naye karibu acheke. Alikuwa mtu mwema, ila mgumu. Alimkuta Mboni uani kwa Bi Anifa. "Sawa dada, sharti ni sharti. Harusi iende juu. Lakini mwali hatoki ndani mpaka kesho, hiyo ndiyo mila yetu, na mama yangu haendi popote. Na hawa majirani unaowaambia wahame, kwani wao ndio wanaoolewa? Wewe simika mwiko wako huko juu, ifunge, watu walale."

Hapo masharti ya Mboni yakafika mwisho. Kwenye harusi, mwiko una nguvu. Kwenye nyumba za watu wasio na harusi, hauna hata neno. Majirani walikuwa wamesimama kwenye vizingiti vyao wanasikiliza, watoto miguuni, mbuzi wamefungwa nyuma. Wote walikuwa wanamtazama yeye kwa nyuso za watu waliotulia, na utulivu ule ndio uliomtisha kuliko mto.

Alifikiria harusi zilizokuwa zinamsubiri mwezi ule. Alifikiria watu wa stendi, jinsi watakavyosema. Alimfikiria mama yake. Kisha aliulaza mwiko chini, mbele ya miguu yake.

"Kaka Mwishehe, mvua hii siwezi," alisema. Alisema kwa sauti ya juu, majirani wote wasikie. "Siwezi kuifunga. Na zile nyingine alizizuia Mungu mwenyewe, mimi nilichimba mitaro tu. Kama kuna mtu hapa karudisha mbuzi wake kwa ajili yangu, namwomba akawapeleke tena juu, na watoto kwanza."

Jogoo mmoja akawika, pasipo na sababu.

"Unasema nini wewe?" Mwishehe aliuliza, taratibu sana.

"Nasema siwezi."

"Mtu katoka Kisarawe yote hiyo, kapokelewa kwa vigelegele, kuja kutuambia hawezi? Kumbe tumemwita nani? Tumeita muuza maandazi!"

"Na maandazi sikubeba," Mboni alisema. Mtu mmoja akacheka nyuma ya ukuta, akajikohoza.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba ya udongo, nyembamba lakini inakata. "Mboni! Ingia huku nikuone."

Bi Anifa alikuwa kitandani, amejaa shuka na macho. Firdausi alikuwa nyuma ya pazia, harufu ya liwa aliyosingwa imejaa chumba kizima. Mboni akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unasema huwezi?"

"Siwezi, mama."

"Na mama yako, aliweza?"

"Alichimba mitaro."

Bi Anifa alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka tena kicheko. "Mimi nilijua. Siku ya harusi ya huyu mwanangu mkaidi ilinyesha, tukalowa wote, bwana harusi kofia imemshuka mpaka puani. Lakini pilau haikulowa! Nikasema, huyu mwanamke ana akili. Ndiyo maana nikasema uje wewe." Akaupigapiga ukuta kwa kiganja. "Mwishehe!"

"Naam, mama," Mwishehe aliitika nje.

"Umeambiwa na mwenye kazi yake kwamba haiwezi. Wewe unasubiri uambiwe na nani, mto?"

"Mama, mwali hatoki…"

"Mwali nimemweka ndani mimi, na atakayemtoa ni mimi. Zaidi yuko wapi? Zaidi! Njoo mume wangu unibebe, huyu baba yako mwache hapa alinde ukuta."

Zaidi, mjukuu wake wa kiume, alikuja anakimbia, mabega mapana na meno yote nje. "Mke wangu, umenenepa lini hivi?"

"Wewe ndiye umekonda. Nibebe vizuri, usinishike kama gunia la mkaa."

Mwali alitolewa hivi. Wanawake wanne walishika mkeka mpya juu ya kichwa chake, mmoja kila pembe. Wengine walimzunguka wameshikana kanga kwa kanga, ukuta wa maua unaotembea, hata mnyama asingeona ukucha wake. Mbele alitangulia Bi Anifa mgongoni kwa Zaidi, akiongoza wimbo ambao nusu ya maneno yake vijana hawakuyaelewa. Katikati ya ukuta ule ilisikika sauti ya Firdausi mwenyewe, ya kwanza tangu awekwe ndani: "Jamani, nani kanikanyaga?" Vigelegele vikalipuka mpaka shuleni.

Majirani walipoona mwali anapanda, mwali ambaye hatoki, hawakuhitaji kuambiwa tena. Mbuzi walifunguliwa. Magodoro yalikunjwa. Vyeti na kadi za kliniki vikaingia kwenye mifuko ya nailoni, ndoo za maji safi zikafunikwa na kubebwa. Mboni alikwenda nyumba kwa nyumba, anakagua kama walivyo wakaguzi wa chanjo, anainua pazia, anauliza humu hakuna mtu? Kuku aliyeatamia alikutwa chini ya kitanda, akabebwa na mayai yake ndani ya karai.

Mwishehe alivua kanzu, akaikunja, akaipa mtu. Matone ya kwanza, mazito kama kokoto, yalimkuta katikati ya kilima amebeba mlango wa mama yake. Alikuwa ameung'oa na bawaba zake.

"Mlango wa nini, baba?" Zaidi alimuuliza.

"Mninga huu," Mwishehe alijibu. "Umeshawahi kununua mninga wewe?"

Baada ya swala ya alasiri mbingu ilifunguka. Ilikuja kwanza kama kelele, mabati ya shule yakanguruma, watu wakawa wanaongea kwa mikono. Upepo ulilichukua lile turubai la maua huko chini, kila mtu aliliona linapaa, likajikunja, likabaki limekaa juu ya mkwaju kama kanga iliyoanikwa. Halafu radi ikapiga upande ule, mwanga mweupe, na tawi la mkwaju likaning'inia. Hajra alishika kidevu. Palepale chini ya tawi lile ndipo alipokuwa amepanga meza ya keki.

Mboni hakuwa na nafasi ya kushika kidevu. Aliizima jenereta, ambayo vijana walikuwa wameipandisha shuleni, radi zilipoanza. Aliwaondoa watoto mlangoni, akawatoa vijana waliotaka kusimama chini ya mkorosho kuvuta sigara. Telesphory alivaa kofia yake, anataka kuwahi nyumbani kabla giza halijaingia.

"Unapita wapi?" Mboni alimuuliza.

"Si darajani."

"Umesema mwenyewe hapo hupiti, hata akupandishe nani."

"Nilisema kesho, mama."

"Maji hayajui leo wala kesho. Kaa hapo umenye vitunguu."

Telesphory alikaa, akamenya, akalia machozi ya vitunguu, na baadaye akakubali kwamba pilau ya kwanza aliyowahi kusaidia kuipika ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Kulikuwa na uji, kulikuwa na chai ya tangawizi, madarasa matatu yamejaa watu, mbuzi barazani. Bi Anifa alilala juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, ndani ya magodoro manne, akasema tangu azaliwe hajawahi kuingia shule na ona sasa kalala humo kabisa.

Kulipopambazuka, bonde halikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia yaliyotulia toka mtoni mpaka chini ya kilima, mkwaju umesimama katikati, nusu ya shina. Nyumba nne za majirani, na ya Mwishehe mwenyewe, zilionekana kuanzia madirishani. Ya Bi Anifa ilionekana paa tu, na upande mmoja wa ukuta ulikuwa umeshakwenda. Watu walisimama ukingoni mwa uwanja wa shule. Walihesabiana kwa majina, mara moja, mara mbili. Hakukosekana mtu. Yule kuku alikuwa bado kwenye karai lake.

Mwishehe alikuja akasimama karibu na Mboni. Alitazama paa la ile nyumba ya udongo, na maji mahali palipokuwa na kitanda cha mama yake na lile pazia.

"Dada," alisema hatimaye. "Lile neno la maandazi…"

"Ni kweli nauza maandazi."

"Basi ukipita tena tuletee."

Waliishia hapo, na ilitosha.

Bwana harusi na watu wake walizunguka njia ya juu kwa kuwa daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji. Walichelewa mpaka adhuhuri ikapita, wakafika na tope mpaka magotini, mshenga wao kiatu kimoja. Mvua ilikuwa bado inatiririka. Lakini walipoingia getini ikapungua, ikawa manyunyu, ikakatika. Jua likatoka jepesi, la kujaribu. Watu wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Mboni.

"Sio mimi!" Mboni alisema.

"Sio wewe? Na ule ni nini?" Hajra alinyoosha kidole.

Pembeni ya uwanja, kwenye udongo mgumu wa kilimani, mwiko wa mninga ulikuwa umesimama wima, kichwa chini mkia juu, umefungwa pilipili. Zaidi alikuwa anatazama mawinguni, anajifanya anatafuta ndege.

"Aliniambia mke wangu," alisema.

"Nani, mimi?" Bi Anifa alidakia kutoka kwenye madawati yake. "Mimi nimesema tu usipotee. Na wewe Mboni, jana ulituambia huwezi. Mwongo mkubwa!"

Walicheka mpaka imamu naye akacheka. Ndoa ikafungwa katika darasa la sita, bwana harusi akiwa amekaa kwenye mkeka chini ya hesabu za Mwalimu Eugenia ambazo hakuna aliyezifuta, na mwalimu mwenyewe mlangoni anahakikisha. Mvua ilirudi watu wakiwa kwenye pilau. Mboni aliukuta mtaro mdogo umechimbwa kulizunguka jiko lote, upana wa jembe. Hakumwagiza mtu. Jembe lenyewe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na mpini wake ulikuwa umetundikwa kanzu ya Mwishehe.

Alikuwa kwenye sahani yake, mgongo umeegemea ukuta, miguu imenyooshwa, mwili umechoka uchovu mzuri, simu ilipoita ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa Maneromango.

"Bi Mboni! Tumesikia habari zako huko Mlandizi, umewafungia mvua mpaka mto umekaa upande! Sisi yetu ni Jumamosi ijayo. Uje."

Mboni alitafuna, akameza, akautazama mwiko wake pale nje unavyonyeshewa.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kwanza niambie, hapo kwenu maji yakija yanapita wapi?"

"Maji gani tena, Bi Mboni, na wewe unakuja?"

Mboni akaiweka sahani pembeni, akafuta mkono kwa kanga, akajiweka sawa ukutani. Maelezo yangekuwa marefu, na safari hii alikuwa na nafasi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Una jembe hapo karibu?"